Pikapu za 4x2 kwenye pine kubwa: Ituri, nani analipa ubovu wa barabara?

Mvua imerudi Ituri, na kwenye garaje za Bunia kazi moja imeongezeka: kutoa pine za kawaida za pikapu na kuweka kubwa. Hatuzungumzii zile 4x4 za mashirika, zilizotoka kiwandani zikiwa zimesimama juu. Tunazungumzia Hilux za 4x2, zenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, ambazo kila siku zinabeba samaki kutoka Kasenyi na Tchomia, viazi na maharagi kutoka Djugu, mbao, simenti, na watu waliokaa juu ya ile mizigo yote. Mwenye gari anaona pikapu ya jirani imepita potopoto, yake imelala njiani siku mbili. Kesho yake anaenda kutafuta pine.

Mashofeli wanauliza swali moja: inafaa ao haifai? Jibu ni kwamba inafaa kwa kitu kimoja, inaharibu vingine kadhaa, na kile inachoharibu kwa hatari zaidi ni breki. Lakini nyuma ya swali hilo kuko lingine, ambalo makanika hawezi kulijibu. Kwa nini mwenye pikapu ndiye anatoa feza mfukoni kwa sababu ya barabara ambayo amekwisha kuilipia kwenye bariere?

Sentimeta tatu na nusu

Tuanze na hesabu, maana hapa wengi wanadanganywa. Hilux nyingi za zamani za 4x2 zinavaa pine ya 195R14C. Ukiipima kutoka chini hadi juu ni kama milimeta 666. Pine ambayo wengi wanaitafuta ni ile ya 4x4, 205R16C, yenye kama milimeta 736. Tofauti ni milimeta 70, yaani sentimeta 7. Muuzaji atakuambia gari itapanda sentimeta 7. Hapana. Ekseli imekaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo gari inapanda nusu tu: sentimeta 3.5. Weka vidole viwili pamoja, ndiyo hiyo.

Lakini mtu asicheke hizo sentimeta. Kwenye barabara ya udongo, Fuso na malori makubwa ndiyo yanachimba mifereji ya magurudumu. Pikapu inakuja nyuma, magurudumu yake yanazama mle ndani, na ponti ya nyuma, ile yenye tumbo la duara katikati, inalala juu ya mgongo wa udongo. Hapo injini inaweza kulia mpaka kesho, gari haitoki. Na ukiongeza resoro unanyanyua bodi na karoseri, ponti inabaki palepale, kwa sababu ponti imeshikwa na magurudumu, haishikwi na resoro. Kitu kinachonyanyua ponti ni pine peke yake. Mashofeli wetu walielewa hiyo bila kusoma kitabu, na wale wanaowacheka kwamba wanapenda fasheni hawajalala njiani Marabo.

Sasa upande wa pili. Urefu ni nusu ya shida ya potopoto. Nusu ingine ni kushika. Kwenye ponti ya kawaida ya 4x2, gurudumu moja likikosa kushika, ndilo linazunguka bure, na lile lenye kukaa pakavu linasimama kimya. Pine kubwa haibadilishi hiyo hata kidogo. 4x2 inabaki 4x2. Ndiyo maana unaona pikapu yenye pine za kutisha imekwama, na Hilux ya zamani yenye pine nyembamba zenye meno makali inapita pembeni, vijana watatu wamesimama nyuma kwenye bampa ili kuweka uzito juu ya ponti.

Upana nao unadanganya. Udongo wetu mwekundu unateleza juu, lakini mara nyingi chini kuko kigumu. Pine nyembamba yenye meno yaliyoachana inakata ile laini na kufika chini. Pine pana inaelea juu kama mtumbwi. Inapendeza kwenye boulevard de la Libération, lakini kwenye RN27 baada ya mvua ya saa mbili utaijutia. Ukiwa kwenye mchanga wa pwani ya ziwa, kule Tchomia, hesabu inageuka: pale upana unasaidia, na kupunguza upepo kunasaidia zaidi. Kwa hiyo yule anayekwenda Mongbwalu na yule anayekwenda ziwani hawana haja ya pine moja, hata kama kwado anawauzia ileile.

Kushuka kwenda ziwani

Bunia iko zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari. Ziwa Albert liko kiasi cha meta 620. Ukipita Bogoro kwenda Kasenyi, hizo meta zote unazishuka, na samaki wanaokuja sokoni kwetu wanazipanda. Hapo ndipo pine kubwa inaonyesha bei yake ya kweli.

Tofauti ya 666 na 736 ni zaidi kidogo ya asilimia 10. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu unapeleka gari mbali zaidi kwa asilimia 10. Ni sawa na kuibia gari sehemu ya vitesi yake. Pale ulipokuwa unapanda na vitesi ya pili, sasa gari inaomba ya kwanza. Kwenye kuondoka na mzigo, shofeli anacheza na ambreyaji ili injini isizime, na disiki ya ambreyaji inaungua. Mwenye gari anafikiri ni kazi mbaya ya makanika, ama shofeli hajui kuendesha. Ni pine.

Kupanda kunaharibu feza. Kushuka ndiko kunaua. Breki zinabaki zilezile, ndogo, zilizotengenezwa kwa pine ya 195R14. Gurudumu likiwa kubwa, mkono unaolizungusha unakuwa mrefu, na breki ileile inashika barabara kwa nguvu ndogo zaidi, karibu asilimia 10 pungufu. Injini nayo, ambayo shofeli mzuri anaitumia kushikilia gari kwenye mteremko, inashikilia kidogo zaidi kwa hesabu hiyohiyo. Konteri nayo inadanganya: ikionyesha 60, wewe unakwenda 66. Changanya hayo matatu na mzigo uliopanda juu, watu kumi na kitu wamekaa juu ya magunia, na maji yaliyoingia kwenye ngoma za breki za nyuma mtoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana Bunia mjini, ambako kuko sawasawa na shofeli anakwenda polepole.

Kuko na kosa lingine ambalo tunaliona kila siku kwenye parkingi. Pikapu ikivaa pine kubwa, mwenye mzigo anaiona kama lori. Anaongeza gunia. Hilux ya kazi inabeba kiasi cha tani moja, na hiyo tani inatoka kwenye resoro, ponti, fremu na breki. Pine kubwa haiongezi hata kilo moja. Inaweza hata kupunguza, kama ile pine ya okazio ilitoka kwenye jeep ya mtu wa mji. Soma ubavuni. 195R14C ya kawaida ya mzigo iko na namba 106, maana yake gurudumu moja linabeba kilo 950. Pine ingine, nene na ya kupendeza, inaweza kuwa na 95: hiyo ni kilo 690 tu. Kwenye magurudumu mawili ya nyuma umepoteza zaidi ya kilo 500 bila kujua. Ile herufi C haikuwekwa kwa urembo, ni alama ya pine ya gari la mzigo.

Na ubavuni palepale, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho. Pine yenye 3514 ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Meno yanaweza kuwa marefu kama mapya na mpira umekwisha kukauka ndani. Pine ya hivyo haitaboka polepole ili uipeleke kwa kwado. Inapasuka.

Je, basi ni wazimu kunyanyua 4x2? Hapana. Toyota yenyewe, kule Thailand, imeuza kwa miaka mingi Hilux za 4x2 zilizosimama juu kama 4x4. Zinaitwa Prerunner. Kiwanda kilijua kuko watu wanaotaka kimo bila kulipia ponti ya mbele. Tofauti ni kwamba kiwanda kilipopandisha gari, kila kitu kilihesabiwa pamoja: pine, resoro, breki, na meno ya ndani ya ponti. Sisi tunabadilisha kimoja na kuombea vingine.

Bariere inalipwa, barabara inabaki

Sasa tuondoke garaje. Hakuna mtu Bunia anayeamka asubuhi na hamu ya kununua janti nne na pine nne. Anazinunua kwa sababu ya njia.

Sheria iko. Mwezi wa saba 2008 nchi yetu iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Mfuko huo unakula sehemu ya bei ya mafuta, na unakula peaji. Kazi yenyewe inapaswa kufanywa na Office des Routes kwenye barabara za taifa, na kule chini na zile kamati za wenyeji zinazoitwa CLER, zenye majembe, mapanga na vitoroli. RN27, kutoka Komanda kupita Bunia na Mahagi hadi mpaka wa Goli, ilikwisha kutengenezwa chini ya mradi wa Pro-Routes, uliopata feza za Benki ya Dunia. Wazee wa njia wanaikumbuka ilivyokuwa baada ya greda kupita. Kwa hiyo hatulii juu ya kitu ambacho hakijawahi kuwezekana.

Mzigo wa lawama usiwekwe upande mmoja tu. Mafuta yanayovuka mpaka kwa magendo hayaingizi kitu kwenye mfuko, na wengi wetu tunayanunua. Lori linalopakia mara mbili ya kipimo chake linaharibu kwa siku moja kile ambacho CLER ilifanya kwa mwezi. Zamani kulikuwa na bariere ya mvua: mvua ikinyesha, malori yanasimama saa kadhaa mpaka udongo ukauke. Siku hizi neno bariere linamaanisha kulipa tu. Mvua inanyesha, lori linalipa, linapita, na asubuhi tunakuta mifereji ya nusu meta ambayo pikapu ya 4x2 inapaswa kuivuka.

Usalama ni sababu ya kweli pia. Jimbo liko chini ya uongozi wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, msafara wa magari uliokuwa unasindikizwa na askari ulishambuliwa kwenye RN4, kati ya Komanda na Beni, na magari yakachomwa. Hakuna mtu wa kumwambia kijana wa CLER ashike jembe pale ambapo askari mwenyewe anaogopa. Na hiyo inaeleza kwa nini watu wanakimbilia pine kubwa: kwenye njia hiyo, kukwama si kuchelewa tu. Mtu aliyekwama pembeni ya msitu saa kumi na moja jioni hahesabu asilimia za breki. Anataka kutoka pale.

Lakini sababu hiyo haifuniki njia yote. Kuko vipande vingi ambapo magari yanapita kila siku, bariere ziko, risiti zinatolewa ama hazitolewi, na mtaro wa pembeni umeziba tangu mwaka jana. Barabara ya udongo inauawa na maji kwanza, gari linakuja nyuma kumaliza kazi. Mtaro ukifunguliwa, maji yanakwenda zake na udongo unabaki mgumu. Mtaro ukiziba, maji yanatembea katikati ya njia, na kutoka hapo kila gurudumu ni jembe. Kufungua mtaro hakutaki greda. Kunataka watu kumi na majembe, kila wiki, na mtu wa kuwalipa. Swali kwa wale wanaokusanya peaji ni fupi: kwenye kila kituo, feza ya mwezi uliopita ilifungua mitaro ya wapi?

Kuko jambo ambalo linatusumbua zaidi katika hii mambo ya pine. Kila pikapu inayopanda ile sentimeta 3.5 inapunguza sauti moja. Mwenye kupita anaacha kulalamika. Mwaka huu wenye 4x2 wanapita na pine za 16, mwaka ujao mifereji inaongezeka kina, na wao wanatafuta kubwa zaidi. Wanaobaki chini ni wale wasio na cha kunyanyua: motari mwenye abiria wawili, mama anayetembea na beseni, ambulansi ya kituo cha afya ambayo ilitolewa msaada na haina feza ya pine. Bei ya safari nayo inapanda, maana mwenye gari atarudisha gharama ya pine, ambreyaji na mafuta kwenye nauli na kwenye kila gunia. Mnunuzi wa samaki sokoni Bunia analipa hiyo pine bila kuiona.

Fanyeni hesabu wenyewe kwenye parkingi yenu. Chukua bei ya pine nne na janti nne uliyopewa na muuzaji. Zidisha mara pikapu zote za njia yenu. Kisha uliza bei ya kuwalipa watu kumi wenye majembe kwa miezi ya mvua kwenye zile sehemu tatu ao nne mbaya ambazo kila shofeli anazijua kwa jina. Umoja wa mashofeli ukienda na karatasi ya hivyo mbele ya Office des Routes na mbele ya gavana, na risiti za peaji zimefungwa nyuma yake, ni vigumu kuufukuza kwa kusema barabara ni mambo ya Kinshasa.

Kwa yule aliyekwisha kuamua

Tunajua karatasi hiyo itachukua muda na mvua haingoji. Papa shofeli, kama umeamua kuweka pine kubwa, haya ndiyo ya kuangalia.

Hesabu kwanza matundu ya buloni. Hilux nyingi za 4x4 ziko na matundu sita, na 4x2 nyingi ziko na matano. Janti isiyoingia haiingizwi kwa kutoboa matundu mapya. Kuna vijana wanafanya hiyo kazi, na gurudumu linakuja kutoka njiani. Kisha kunja usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, gari ikiwa na mzigo. Kama pine inagusa bodi ao mrija wa breki, rudi kwenye kipimo kidogo zaidi. Kukata bodi kunawezekana, kukata mrija ni kifo.

Wengine wanaweka kubwa nyuma tu. Kwa 4x2 mashine inakubali, tofauti na 4x4 ambayo itavunja meno yake. Lakini pine mbili za ponti moja lazima zilingane. Ukipata pancha nyuma na pine ya akiba ni ile ndogo ya zamani, peleka ndogo mbele, rudisha kubwa nyuma, ao tembea polepole mpaka kwa kwado wa kwanza. Ukilazimisha, ponti inachemka na mafuta yake yanaungua.

Makanika mwenye kujua kazi atakuuliza kuhusu kurone na pinyo. Kama ponti yako iko na 3.9, kuweka 4.3 kunarudisha ile asilimia 10 yote: nguvu ya kupanda, injini kushikilia kwenye mteremko, hata konteri inarudi kusema ukweli. Ni bei kubwa, lakini ni ndogo kuliko ambreyaji mbili kwa mwaka. Breki hairekebishwi na hiyo. Ngoma zikaguliwe, viatu viwe vipya, mafuta ya breki yabadilishwe. Kama haukubadilisha kurone, kumbuka konteri ikifika kilometa 5,000 gari imetembea 5,500. Badilisha mafuta ya injini mapema.

Upepo: kwenye potopoto shusha hadi kilo moja na nusu, gari itashika vizuri zaidi kuliko kwa pine yoyote utakayonunua. Ukitoka pale, jaza tena kabla ya kukimbia, kwa kipimo kinachofaa mzigo wako. Pampu ya mguu nyuma ya kiti inatosha. Na safari ya kwanza baada ya kubadilisha ifanyike mchana, bila mzigo na bila watu, kwenye mteremko mfupi unaoujua, ukikanyaga breki mara tatu, nne, mpaka mguu uzoee umbali mpya wa kusimama. Kasenyi ingoje siku moja.